Jibu kwa Mbarouk, Juu ya Ng'ombe

Pesa zimefika, kaka. Nimezihesabu mara mbili.
Na ile kalenda pia imefika, imekunjwa katikati,
mkunjo umempita ng'ombe wako mgongoni.
Mzuri, simkatai. Mweusi kwa mweupe,
kazama magotini katika majani mabichi,
na nyuma yake mlima una kitu cheupe kichwani.
Sichana akaniuliza: mama, ile ni chokaa?

Wewe uko mjini Unguja, maziwa wayaona kwenye pakiti.
Sisi tunakaa Maziwang'ombe,
jina zima hilo, na dukani kwa Shaame
tunanunua maziwa ya kopo.

Sikukurupuka. Nilianza kwa kwenda Wete
kwa Bi Raya, aliyemleta wa aina hiyohiyo
mwaka juzi, kwa meli, watu wamejaa gatini.
Akamjengea banda la matofali, akamtundikia feni.
Ndiyo, feni. Watoto walitoka skuli kumtazama
ng'ombe anayepepewa kama bibi harusi.
Lita kumi na nane, mwezi wa kwanza.
Kisha joto la kaskazi, na umeme ukakatika siku tatu.
Mnyama akasimama ulimi nje,
mbavu zinakwenda kama mivuo ya mhunzi,
hali, hacheui, ndoo ya maji anainusa tu.
Joto halikumuua. Joto lilimlegeza,
kupe wakamaliza. Ndigana.
Banda sasa lina kuku.
Feni ingalipo, buibui kaifanya kwao.

Nikarudi kwa Kombo, yule wa madume ya mchezo.
Akasema, chukua wetu huyu, wa kuzaliwa hapa:
mfupi, nundu kama ngumi, ngozi inaruka yenyewe
nzi akitaka kutua. Jua kwake si habari.
Nikaomba nimkamue jike lake, nione.
Nikapata kikombe kimoja,
na teke.

Basi nikakwama hapo, kaka,
baina ya ndoo isiyoishi na kikombe kisichotosha.

Aliyenikwamua ni kijana wa mifugo wa Micheweni,
anapita na pikipiki na mtungi wa mbegu nyuma.
Hata hakuzima injini.
"Tafuta chotara, damu ya hapa iwe nyingi.
Na usiende asubuhi, bibi.
Asubuhi kila ng'ombe ni mzuri."

Nikawa natoka saa saba mchana, mwavuli mkononi,
wenye ng'ombe nawaamsha usingizini.
Wingwi niliona wawili wanene wamejibana ukutani,
wanagombea kivuli cha upana wa mkeka.
Tumbe niliona mmoja wa rangi ya maziwa, pua yenye damu,
mwenyewe akaapa ni mafua.
Siku ya nne, Kiuyu, kule kwenye mawe matupu,
mtamba wa rangi ya karafuu iliyokauka
amesimama juani na kivuli kipo,
masikio marefu, ngozi ya shingo inaning'inia kama pazia,
anacheua.
Nikakaa juu ya jiwe, likaniunguza, sikuondoka.
Nikahesabu pumzi zake kwa saa ya Sichana:
arubaini kwa dakika. Nikahesabu zangu.
Zangu sikuzimaliza.

Mwenyewe, mama mmoja aitwaye Mwanakhamis,
anasema baba yake dume la Sahiwali,
mama yake wa papahapa. Karatasi hana.
Pengine kweli, pengine biashara.
Lakini nilimshika kiwele, akanigeukia kunitazama,
hakupiga teke.

Nimemlipa. Usikasirike.
Akizaa, Mungu akipenda, lita tano, labda sita,
si zile za kalenda. Sita za kila siku
ni nyingi kuliko kumi na nane za mwezi mmoja.
Zilizobaki nimenunua dawa ya kupe na kamba,
na makuti ya kuezekea, marefu, yapitishe upepo.
Jina hatujampa. Sichana anataka Theluji,
neno kalipata skuli, ndilo lile lililokuwa mlimani.
Nimemwambia tusimtanie mnyama.

Kalenda nimeitundika ukutani, tarehe zinasaidia.
Ukija Mfunguo Mosi, njoo na chupa yako ya kubebea.
Feni usilete.